Asirithi Ahadi Tupu: Wito kwa Familia Zenye Mtoto Mwenye Ulemavu

Ipo dua ambayo wazazi wengi wa watoto wenye ulemavu wa akili huiomba kimoyomoyo, na wachache huthubutu kuitamka: Mola amtangulize mwanangu, mimi nifuate. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hushtuka. Mzazi gani anamwombea mwanawe kifo? Lakini mpe mama huyo nusu saa azungumze, utamwelewa. Mwanawe hajamchosha. Kinachomnyima usingizi ni siku zitakazofuata mazishi yake yeye mama: nani atamwogesha kijana wa miaka thelathini bila kumfokea, nani atajua kwamba ile kelele ya saa kumi jioni ni njaa wala si ukorofi, na ile nyumba aliyoijenga kwa pesa za vikoba na mihogo ya kukaanga itaangukia mikononi mwa nani.

Wito huu ni kwa mama huyo, kwa mumewe, kwa watoto wake wengine, na kwa sisi sote tunaokaa kwenye vikao vya ukoo. Hofu yake ni ya kweli, lakini haina haja ya kuishia kwenye dua. Kuna mambo ya kufanya, yanafanyika hapa hapa Tanzania kwa sheria zilizopo, na hayangoji mtu awe tajiri. Mwenye ghorofa Mikocheni na mwenye vyumba viwili Mbagala na nusu eka ya mihogo Mkuranga wanahitaji kitu kilekile: maandishi yanayosema nani atamlea mtoto, nani atashika mali yake, na nani atawaangalia hao wawili.

"Ndugu zake wapo"

Ukimuuliza mzazi amejipangaje, jibu la kwanza huwa hili: "Ndugu zake wapo, hawawezi kumtupa." Na kweli, wengi hawamtupi. Undugu ni kufaana, si kufanana, na wapo kaka na dada walioutimiza msemo huo miaka nenda miaka rudi bila kusifiwa na mtu. Sina ugomvi na undugu. Nina ugomvi na ahadi isiyotaja jina la mtu wala fungu la fedha.

"Ndugu zake" ni nani? Ukisema ni wote, kila mmoja atadhani mwenzake analishughulikia. Halafu anayeahidi leo ana miaka ishirini na miwili. Hajaoa, hajahamishiwa Kigoma kikazi, hajapata watoto watatu wanaodaiwa ada. Miaka kumi na tano ikipita moyo unaweza kuwa uleule, lakini chumba cha ziada hakipo, mke hakuwahi kuulizwa, na mshahara umeshagawanyika kabla haujaingia. Atamchukua mdogo wake kwa mapenzi, kisha atachoka, kisha ataona haya kusema amechoka. Kijana ataanza kuhamahama: miezi mitatu kwa dada, mwezi mmoja kwa mjomba, mwisho anarudishwa kijijini kwa bibi wa miaka themanini ambaye naye anahitaji wa kumtazama. Katika yote hayo hakuna aliyekuwa mbaya. Hakukuwa na mpango, basi.

Mstari ulioruka kwenye daftari

Tazama kinachotokea mzazi akifariki bila wosia. Kikao cha ukoo kinakaa baada ya arobaini. Jamvi limetandikwa uani, chai ya tangawizi imezunguka, mjomba mkubwa anaongoza, na mpwa mwenye mwandiko mzuri anaandika muhtasari kwenye kaunta buku. Kazi ni mbili: kumpendekeza msimamizi wa mirathi atakayepelekwa Mahakama ya Mwanzo, na kuorodhesha warithi. Majina yanatajwa kwa mpangilio wa kuzaliwa. La kwanza, la pili, la tatu. Likifika la nne mtu anauliza, "Na huyu?" Mwingine anajibu, "Huyu si atakuwa na kaka yake?" Vichwa vinatikiswa kukubali, kalamu inaruka mstari. Anayezungumziwa yuko jikoni na kina mama, ana miaka ishirini na sita, anachambua mchele. Hajui kwamba fungu lake katika nyumba ya baba limekwenda.

Hapo hakuna aliyekusudia dhuluma. Lakini muhtasari ule ndio utakaofuatana na maombi mahakamani, na hakimu hana namna ya kumjua mtoto ambaye hakuna aliyemtaja. Sheria yenyewe haimtengi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inakataza kumbagua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema wazi katika ibara ya 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki sawa na mwingine ya kumiliki na kurithi mali. Katika sheria ya Kiislamu fungu la mtoto halipungui hata punje kwa sababu ya ulemavu. Anayemtoa kwenye mirathi ni sisi, kwa kalamu yetu, tukiamini tunamhurumia.

Njia tatu zenye shimo

Wazazi wanaojitahidi kupanga huangukia mojawapo ya njia tatu, na kila moja ina shimo lake.

Ya kwanza ni kumwandikia kaka au dada fungu la mwenye ulemavu, "ili amtunzie". Kaka anaweza kuwa mwaminifu kupindukia, lakini hati ikishakuwa na jina lake, mali ni yake. Akifariki, warithi ni mkewe na watoto wake, ambao hawafungwi na maneno aliyoambiwa na baba yake kitandani hospitalini. Akikopa akashindwa kulipa, benki inatazama jina lililo kwenye hati. Ndoa yake ikivunjika, nyumba ile inaweza kuingizwa kwenye mgogoro wa mali. Uaminifu wake wote hauzuii hata moja kati ya hayo.

Ya pili ni kumwandikia mtoto mwenyewe na kuishia hapo. Kwa watoto wengi wenye ulemavu hii ndiyo njia iliyo sahihi, nami nitalirudia hilo hivi punde. Lakini kwa yule asiyejua tofauti ya noti ya shilingi elfu kumi na ya elfu moja, hati yenye jina lake peke yake ni mwaliko kwa matapeli. Soda baridi, maneno matamu na wino wa dole gumba vinatosha kumletea miaka ya kesi. Na hata asipotapeliwa, hawezi kupangisha vyumba, kufukuzana na mpangaji mkaidi, wala kumwita fundi paa likivuja.

Ya tatu ni kuamini kwamba msimamizi wa mirathi atamaliza kila kitu. Hili halieleweki vizuri mitaani. Msimamizi si mrithi wala si mlezi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudisha hesabu mahakamani. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, kisha hesabu kwa Fomu Na. 6. Akishagawa na hesabu zikapokelewa, faili linafungwa. Mtoto mwenye usonji aliyempoteza mama akiwa na miaka kumi na tisa anaweza kuishi miaka arobaini au hamsini mingine baada ya faili hilo kufungwa. Miaka hiyo ndiyo tunayopaswa kuipanga.

Kwanza tumjue tunayempangia

Kabla ya kwenda mbele, tuondoe dhuluma nyingine inayofichama kwenye huruma. Si kila mwenye ulemavu anahitaji wa kumshikia mali. Kiziwi, asiyeona, mwenye ualbino na anayetumia kiti cha magurudumu ana akili zake na maamuzi yake. Huyo mpe hati yake kwa jina lake, mfundishe biashara, mweke kwenye kikao na kalamu mkononi. Kama ni kiziwi, awepo mkalimani wa lugha ya alama. Kumwekea msimamizi mtu wa namna hiyo ni kumtukana. Na tuwe waangalifu na mtindio wa ubongo: wengi wanaotokwa na mate na kuchelewa kutamka neno wanaelewa kila tunachokisema mbele yao, na wanakumbuka nani alisema nini.

Hata yule mwenye ulemavu wa akili, aliyezoea kufanyiwa kila kitu, ana la kusema. Muulize anapenda kukaa na nani. Mpeleke kwa shangazi wiki mbili, utazame anakula, analala, anacheka? Yule anayejificha chini ya kitanda kila mjomba fulani akija, amekwishakupa maoni yake kuhusu mjomba huyo. Maoni hayo yaheshimiwe kuliko ya wakubwa wa ukoo.

Watu watatu, kazi tatu

Kwa mtoto anayehitaji msaada wa maisha yote, ushauri wangu ni huu: usimkabidhi mtu mmoja kila kitu. Gawa kazi kwa watu watatu.

Mtu wa kwanza ni mlezi, anayeishi na mtoto, anayemlisha, kumpeleka kliniki na kulala naye nyumba moja. Mlezi mchague kwa moyo na subira. Elimu na cheo baadaye.

Mtu wa pili ni mdhamini wa mali. Huyu anashika hati, anakusanya kodi, analipa ada na dawa, na anampelekea mlezi fedha za matumizi kila mwezi. Mdhamini mchague kwa uaminifu na daftari. Si lazima awe ndugu. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu wa mtaani ambaye hesabu za msikiti au za kanisa hazijawahi kumpotea. Bora zaidi wawe wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje.

Mtu wa tatu ni mkaguzi. Kazi yake ni ndogo na ni kubwa. Mara mbili kwa mwaka anafika bila taarifa, anamtazama mtoto kucha, meno na ngozi, anauliza dawa, kisha anaomba kuona daftari la mapato na matumizi. Mlezi na mdhamini wakijua mtu huyo yupo, na kwamba wosia unampa nguvu ya kwenda mahakamani kuomba wabadilishwe, nusu ya matatizo hayatazaliwa.

Kuna mambo mengine manne ya kuzingatia hapa. Kwanza, mlezi alipwe. Mkono mtupu haulambwi, na kumlipa dada kwa kazi ya saa ishirini na nne hakupunguzi undugu, kunaulinda. Pili, umri. Dada yako wa miaka sitini si mpango wa kumlea mtoto wa miaka kumi na minane. Tafuta mwenye umri wa kumzika yeye, si wa kuzikwa kabla yake. Tatu, kila nafasi iwe na jina la akiba, la pili na la tatu, kwa sababu watu hufa, huhama na hubadilika. Nne, amua mapema mabaki yatakwenda kwa nani baada ya mtoto kufariki, na atakayepata mabaki hayo asiwe ndiye mlezi pekee. Usimweke mtu mahali ambapo uhai wa mwanao ni hasara kwake.

Mali yenyewe inaweza kuwa ya kawaida tu. Tuchukue nyumba yenye vyumba sita: viwili vya mtoto na mlezi wake, vinne vya kupangisha. Kila chumba kikiingiza shilingi 50,000 kwa mwezi, ni 200,000 kwa mwezi, sawa na 2,400,000 kwa mwaka. Toa ukarabati na miezi ambayo chumba kinakaa bila mtu, toa pango la ardhi, kumbuka kwamba kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Kinachobaki hakimfanyi mtu tajiri, lakini kinalipa uji, nepi, dawa za kifafa na posho ya mlezi. Wosia useme kwamba nyumba hiyo isiuzwe mtoto akiwa hai isipokuwa kwa idhini ya mahakama, na ishikwe na wadhamini waliotajwa kwa manufaa yake. Hiyo ndiyo amana. Mwenye akiba ya fedha anaweza kuongeza hatifungani za Serikali za miaka 20 au 25, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka, au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mwajiriwa apitie fomu zake za NSSF au PSSSF ahakikishe jina la mtoto limo kwenye wategemezi, na aulize mfuko, kwa maandishi, mtegemezi mwenye ulemavu hulipwa hadi lini na kupitia kwa nani.

Wosia unaosimama

Wosia mzuri ni ule unaosimama mahakamani, na hapa kila mmoja atazame sheria inayomhusu.

Wengi wanaofuata sheria ya kimila wanaongozwa na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao unataka wanne. Na tukumbuke kwamba pasipo wosia, utaratibu huo huo wa mwaka 1963 unamweka mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza na watoto wa kike daraja la mwisho. Binti mwenye ulemavu anaumizwa mara mbili. Mwenye binti wa namna hiyo asilale bila wosia.

Waislamu wanajua kwamba usia haupiti theluthi moja ya mali, na kwamba mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila warithi wenzake wakiridhia. Mtoto mwenye ulemavu ni mrithi, kwa hiyo tusimwandikie ziada kwa siri tukidhani itapita. Njia zipo: kukaa na warithi wote na kupata ridhaa yao, hiba wakati wa uhai kwa kushauriana na mwanachuoni, au kuweka wakfu nyumba ili mapato yake yamhudumie. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa mambo kama haya. Na jambo la kumweka mtu wa kusimamia mali ya asiyeweza kuisimamia si geni katika dini. Aya ya 5 ya Surat An-Nisaa imelieleza: mali isiachwe ovyo mikononi mwake, na yeye alishwe, avishwe na asemeshwe kwa wema. Kusimamia mali na kumsemesha vizuri vimetajwa pamoja, navyo tusivitenganishe.

Kwa wengine wanaoandika wosia nje ya mila na sheria ya Kiislamu, mashahidi ni wawili, na shahidi asiwe mtu anayepewa kitu katika wosia huo, wala mume au mke wake. Kwa wote, kanuni za jumla ni moja: uandike ukiwa na akili timamu, kwa hiari, weka tarehe, weka sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi, na ueleze mali kwa namna inayotambulika. "Kiwanja changu cha kule" hakitoshi. Andika namba ya kiwanja, kitalu, mtaa na namba ya hati. Kijijini, jina la mtoto linaweza kuwekwa kwenye hati ya hakimiliki ya kimila wazazi wakiwa hai.

Wa kukusaidia wapo. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika wosia na kuuhifadhi, na Kabidhi Wasii Mkuu aliyeko huko anaweza kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi kwa familia isiyo na mtu inayemwamini. Mawakili wapo. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yanasikiliza watu bure. Ukienda, usiseme tu "nataka wosia". Sema: "Nina mtoto asiyeweza kujisimamia, nataka mali yake ishikwe kwa amana." Sentensi hiyo itabadilisha mazungumzo yote.

Daftari la mtoto

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtoto pia.

Nyaraka ndizo za kuanzia. Watoto wengi wenye ulemavu hawana cheti cha kuzaliwa kwa sababu walifichwa, na wakifika miaka kumi na minane hawapelekwi NIDA kwa sababu "cha nini". Cha nini? Cha kuthibitisha kwamba yupo, kwamba ni mtoto wa marehemu, na kwamba akaunti iliyofunguliwa ni yake. Cheti, kitambulisho cha taifa, taarifa ya daktari inayoeleza hali yake na picha yake ya karibuni vikae kwenye bahasha moja, na nakala ziwe kwa mdhamini.

Kisha nunua daftari la kurasa mia, uandike yale ambayo hakuna mahakama itakayoyajua. Andika kama unamwachia jirani mtoto kwa wiki nzima. Kwamba uji anakunywa kwenye kikombe cha bati cha bluu, ukimpa cha plastiki hatakunywa na utadhani anaumwa. Kwamba kidonge cha kifafa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kisagwe kwenye ndizi, na kisikatizwe hata siku moja kwa sababu "siku hizi haanguki". Haanguki kwa kuwa anakunywa. Kwamba anaogopa mlio wa bodaboda ila ukimshika kisigino anatulia. Kwamba akijipiga kichwani ni jino. Kwamba Jumapili huketi benchi la nyuma karibu na kwaya, naye ndiye anayekusanya vitabu vya nyimbo, kazi hiyo asinyang'anywe. Kwamba asiogeshwe na mwanamume yeyote, hata ndugu, mlango ukiwa umefungwa. Andika na anachokiweza: kufagia, kulisha kuku, kuhesabu hadi kumi. Mlezi mgeni humfanyia mtoto kila kitu, na mtoto husahau aliyoyajua.

Kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, fungua daftari hilo urekebishe. Dawa hubadilika, na hofu za utotoni huondoka.

Kwenu ndugu, kwenu viongozi

Kaka na dada wa mwenye ulemavu, msingoje kuulizwa msibani. Ulizeni wenyewe, wazazi wakiwa hai: "Baba, umempangia nini fulani, na mimi sehemu yangu ni ipi?" Swali hilo si la kutamani urithi. Na kama huwezi kuwa mlezi, sema leo. "Siwezi kuishi naye, lakini nitatoa kiasi fulani kila mwezi na nitakuwa mkaguzi" ni jibu la heshima kuliko "usijali, tupo".

Wazee wa ukoo na wenyeviti wa vikao, tuwekeeni desturi mpya: kabla ya muhtasari kusainiwa, aulizwe kila mtoto wa marehemu kwa jina, na mwenye ulemavu aitwe kutoka jikoni aketi jamvini. Wenyeviti wa serikali za mitaa, mnaogonga mihuri kwenye mihtasari hiyo, ulizeni kwanza, "Hakuna mtoto mwingine nyumbani?" Mnawajua. Mashehe na wachungaji, mnahutubia ndoa kila wiki. Hutubieni na wosia. Walimu wa vitengo maalumu, mikutano yenu ya wazazi iwe na siku moja ya mwanasheria. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na vyama vyake vimelisemea sana suala la elimu na ajira. Mirathi nayo inahitaji sauti hiyo. Na Serikali iifanye amana ya mtoto mwenye ulemavu iwe jambo la fomu moja na ada ndogo, ili muuza mihogo naye aiweze kama mwenye ghorofa.

Kwako mzazi, naomba mambo manne kabla mwezi huu haujaisha. Hakikisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vipo, na kama havipo anza kuvifuatilia. Andika kurasa tano za mwanzo za daftari. Waite watu watatu uliowafikiria ukiwa unasoma makala haya, uwaulize ana kwa ana kama watakubali. Kisha nenda RITA au kwa msaidizi wa kisheria na ile sentensi moja ya amana. Wosia unaweza kuubadilisha wakati wowote ukiwa hai. Usiouandika ndio hauna marekebisho. Na sheria zote tulizozitaja, ya mila, ya dini na ya serikali, zinakubaliana katika hili: wosia hutolewa na mwenye mali mwenyewe, akiwa hai na akili zake timamu. Leo unavyo vyote viwili.